Kununua masaa: kijana analipa ili arushe ndege yenye abiria

Watu nikiwaambia kuna marubani wanaolipa shirika la ndege ili waruhusiwe kurusha ndege yenye abiria, wengi wanadhani nimechanganya mambo. Wanachojua wao rubani ni mtu wa mshahara mnene, kofia, hoteli nzuri, leo Dubai kesho Johannesburg. Wanarudia kuuliza, yaani shirika ndo linamlipa yeye? Hapana, yeye ndo analilipa shirika. Ana leseni halali, amevaa yunifomu ileile, amekaa kiti cha kulia mbele kabisa, nyuma yake wamekaa watu 180 waliokata tiketi zao, na yeye pia katoa hela, tena nyingi kuliko yeyote aliyemo humo ndani.

Vijana wenyewe wanaita kununua masaa. Mimi sio mtu wa ndege, nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar, kazi yangu kutwa ni kusoma mikataba na makaratasi ya mizigo, ndo maana mpwa wangu alipopata ofa alinitumia mimi kwanza. Aliandika tu kwenye Watsapu, "Shikamoo mjomba, naomba unisomee hii kabla sijampelekea mama." Chini yake kulikuwa na faili la kurasa kumi na kitu. Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma hii biashara kila nikipata nafasi, nimesoma ripoti za ajali mpaka nimejua majina ya vitufe, na nimekasirika kiasi kwamba nimeona bora niandike.

Ngoja kwanza nieleze shida inaanzia wapi, kwa sababu bila hiyo mtu ataona hawa vijana ni wajinga na wala sio wajinga.

Mpwa wangu alipata huo ugonjwa wa ndege mwaka 2016, zile Q400 mbili za Air Tanzania zilipotua, akawa hana stori nyingine nyumbani. Dada yangu na mume wake waliuza kiwanja Bagamoyo, wakachukua mkopo juu yake, kijana akaenda kusoma Afrika Kusini. Akarudi na leseni ya rubani wa biashara, ile CPL, ambayo unaipata ukiwa na masaa kama 200 hivi ya kuruka. Nyumbani tulifanya sherehe, mchungaji alikuja, watu wakaanza kumwita kapteni. Na hapo ndo tulipojua kwamba leseni ni mlango wa kwanza tu, kuna mlango wa pili hakuna aliyetuambia. Mashirika yanataka masaa 500, mengine 1,000, na leseni ya juu kabisa inayokuruhusu kuwa kapteni wa ndege kubwa inataka masaa 1,500. Kampuni za bima nazo zina masharti yake, rubani wa masaa machache anapandisha gharama, kwa hiyo hata mwenye ndege mwenye roho nzuri anakwambia kijana wangu nenda kayatafute masaa kisha urudi. Utayapata wapi kama hakuna anayekupa ndege?

Kwetu huku kuna jambo moja linaloonyesha huo ugumu kuliko maelezo yoyote. Ukipanda zile Caravan ndogo za kwenda Zanzibar, Mafia au za kupeleka watalii Serengeti, angalia kiti cha mbele kulia, kile cha pembeni ya rubani. Mara nyingi amekaa abiria, mtalii na kamera yake anapiga picha bahari. Caravan inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, kwa hiyo mwenye ndege akikiuza kile kiti kama cha abiria anapata hela. Kijana mwenye masaa 200 ndo pale alipotakiwa akae, apate masaa, ajifunze upepo wa Zanzibar na vumbi la viwanja vya porini chini ya mtu mzima aliyezoea. Lakini kiti kina tiketi. Mpwa wangu alizunguka Dar, Arusha, Zanzibar, akaacha sivii kila ofisi, wengine walimpokea vizuri tu, jibu lilikuwa lilelile.

Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye deni, wazazi wanaulizwa kanisani kapteni anarusha ndege gani siku hizi, leseni yenyewe bila kuruka inapitwa na wakati na kuihuisha ni hela tena, ndo anayefikiwa na wakala.

Ile ofa ilikuwa imepangwa vizuri, rangi, picha za vijana wanacheka mbele ya Airbus A320. Shirika lenyewe lilikuwa la Asia, wakala ofisi yake ilikuwa nchi nyingine kabisa, na mkataba ulikuwa unafuata sheria za nchi ya tatu, hilo lilinishtua kabla hata sijafika kwenye bei. Bei ilikuwa dola 50,000 na ushee, kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza kozi ya aina ya ndege, ile wanayoita taipu retingi, darasani na kwenye simuleta, ile mashine ya chini inayoigiza ndege. Hiyo naielewa, ni mafunzo, unakaa kwenye simuleta hakuna abiria, unapata cheti chako. Awamu ya pili na ya tatu ndo ilikuwa masaa 500 kwenye ndege yenyewe, ruti za kawaida za shirika, abiria wa kawaida. Nikasoma kifungu cha malipo ya mhusika: hatalipwa mshahara, hatalipwa posho, nyumba na chakula juu yake, yunifomu juu yake. Kifungu kingine: shirika linaweza kusitisha mafunzo muda wowote likiona hayaridhishi, na hela iliyolipwa hairudi. Nilitafuta mahali panaposema baada ya masaa 500 kuna ajira, hakuna. Kulikuwa na sentensi moja tu inayosema mhitimu atakuwa na nafasi nzuri sokoni.

Nilimpigia yule wakala mwenyewe. Alikuwa mkarimu kwa kweli, anaongea taratibu. Nikamuuliza, huyu kijana akiwa kwenye kiti cha kulia anafanya kazi au anasoma? Akasema vyote viwili. Nikamuuliza, kama hayupo yeye, kile kiti kinakaa wazi? Akasema haiwezekani, sheria inataka marubani wawili. Kwa hiyo, nikamwambia, asipokuwepo yeye mngemwajiri mtu na kumlipa. Akaanza kuniambia nafasi zimebaki chache na mwisho wa mwezi bei inapanda.

Kiini cha hii biashara ni hicho. Ndege ya A320 hairuki na rubani mmoja, kile kiti cha kulia ni kazi, ni lazima kijazwe, na mtu aliyegundua kwamba kuna vijana wamekwama akaona badala ya kulipa mshahara pale anaweza kupokea hela. Ni sawa na dereva wa basi la Dar kwenda Mwanza amlipe mwenye basi ili aendeshe usiku kucha, na abiria waliolala nyuma hawajui kwamba aliyeshika usukani kawekwa pale kwa sababu ndo aliyekuwa na hela.

Wamarekani walipita huku zamani. Miaka ya 90 mashirika madogo ya kule ya mikoani yalikuwa yanamtoza rubani mpya gharama za mafunzo yake, dola 8,000, dola 10,000, ndo anapewa kazi. Kukawa na kampuni moja Florida, Gulfstream International, iliyoenda mbali zaidi, ilikuwa na chuo chake ambacho mwanafunzi analipa karibu dola 30,000 halafu anapewa masaa 250 kwenye kiti cha kulia cha Beech 1900, ndege ndogo, yenye abiria. Masaa yakiisha anatoka, anaingia mwingine aliyelipa. Hii haikuwa siri, ilikuwa inatangazwa kwenye magazeti ya wanaanga.

Halafu ikaja tarehe 12 Februari 2009. Colgan Air, mojawapo ya yale mashirika madogo ya Marekani, safari namba 3407, kutoka Newark kwenda Buffalo, usiku, baridi kali. Ndege ilikuwa Q400, aina ileile tunayopanda wengi wetu kwenda Dodoma, na niseme wazi ndege haikuwa na tatizo. Walikuwa wanakaribia kutua, spidi ikashuka bila wao kuona, usukani ukaanza kutikisika, hiyo ni ndege inakuonya kwamba inakaribia kupoteza uwezo wa kuelea, na kila mwanafunzi anafundishwa kwamba hapo unashusha pua na kuongeza nguvu. Kapteni akavuta usukani kwake, pua ikapanda. Walikufa wote 49 waliokuwemo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini.

Uchunguzi ukaonyesha mambo mengi. Kapteni alikuwa amepitia ule mpango wa Gulfstream kabla ya kuajiriwa Colgan, na alikuwa amefeli mitihani kadhaa ya kuruka huko nyuma. Rubani msaidizi alikuwa dada mdogo tu, anaishi kwa wazazi wake upande wa pili wa nchi kule Seattle, mshahara wake ulikuwa mdogo, alisafiri usiku kucha kwa ndege za mizigo kufika Newark, alikuwa na mafua, na kwenye sauti zilizorekodiwa anasikika akizungumzia kuumwa kwake. Mchunguzi hakusema kununua masaa ndo kuliangusha ndege na mimi sitasema hivyo. Alichosema ni kwamba kapteni alijibu vibaya ule mtikisiko. Ila wakati nchi nzima inaangalia, watu waliona mfumo mzima ulivyo, vijana wanaingia kwa kulipa, wanakaa kwa mshahara wa njaa, na wanaogopa kusema leo siwezi. Mwaka 2010 Bunge la Marekani likapitisha sheria, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria anatakiwa kuwa na leseni ya juu, masaa 1,500, isipokuwa waliotoka jeshini na waliosoma vyuo vikuu vya anga wanaopunguziwa. Familia za marehemu ndo walioisukuma ile sheria, walikuwa wanakwenda Washington mara kwa mara na picha za watu wao.

Kuna wanaobisha hiyo sheria na wana hoja, masaa 1,500 ya kuzunguka kiwanja kilekile na mwanafunzi sio sawa na masaa 1,500 ya kazi. Sawa. Lakini angalia jambo moja lililotokea: biashara ya kuuza kile kiti kwa mtu wa masaa 250 kule ikakosa pa kusimamia. Na marubani walipokuwa adimu, mwaka 2022 mashirika yale madogo ya Marekani yakapandisha mishahara ya wanaoanza kwa kiwango ambacho yule dada wa 2009 asingekiota. Hela ilikuwepo muda wote.

Ulaya ndo hadithi ikaendelea. Kule rubani bado anaingia kwenye kiti cha kulia cha ndege kubwa akiwa na masaa 200, hiyo peke yake sio kosa, mashirika mazuri yamefanya hivyo miaka mingi kwa vijana waliochaguliwa na kufundishwa vizuri. Kosa ni pale uchaguzi unapofanywa na akaunti ya benki. Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kilifanya utafiti uliotoka 2015, marubani zaidi ya 6,600 walijibu, na kati ya wale wa miaka 20 hadi 30 asilimia kama 40 walikuwa wanarusha ndege bila kuajiriwa moja kwa moja na shirika wanalolirushia. Wengine kwa mawakala, wengine wamesajiliwa kama wafanyabiashara binafsi, wengine ndo hawa wanaolipa. Chama cha marubani wa Ulaya, ECA, kimekuwa kikidai hii kitu ipigwe marufuku kabisa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu habari ya hela mtu anaweza kusema ni shauri yao.

Kiti cha kulia hakikuwekwa pale kwa ajili ya mtu wa kujifunza tu. Kimewekwa ili kuwe na mtu wa kusema hapana. Watu wa anga walijifunza hilo kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977 pale Tenerife, kisiwa cha Uhispania, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia, moja ya KLM moja ya Pan Am, watu 583 wakafa. Ukungu ulikuwa mzito, kapteni wa KLM akaanza kuondoka bila ruhusa. Fundi wa ndege aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama yule wa Pan Am ametoka njiani, kapteni akamjibu ndiyo kwa uhakika, mjadala ukaisha. Rubani msaidizi naye hakumzuia. Na huyo kapteni alikuwa mkubwa wa mafunzo wa shirika, picha yake ilikuwa kwenye matangazo yao, na miezi kama miwili tu nyuma ndo yeye aliyempima huyo msaidizi na kumpasisha kwenye 747. Mwaka uliofuata, Desemba 1978, ndege ya United, shirika la Marekani, ilizunguka juu ya mji wa Portland kapteni akishughulika na magurudumu mpaka mafuta yakaisha, wenzake walikuwa wanaona mafuta yanaisha lakini hawakusema kwa nguvu inayotosha. Wakafa watu 10. Baada ya hapo ndo kukaanza mafunzo ya namna ya kushirikiana kwenye kokpiti, yaani chumba cha marubani, United ikawa ya kwanza 1981, na leo kila rubani duniani anafundishwa kwamba mdogo ana wajibu wa kusema na mkubwa ana wajibu wa kusikia.

Wale wa Tenerife walikuwa waajiriwa, wana mishahara na chama cha wafanyakazi, na bado kusema kuliwashinda. Sasa mweke pale kijana ambaye familia yake imeuza kiwanja, amebakiza masaa 120 ya kumaliza alichonunua, na mkataba wake unasema wakiona haridhishi wanamtoa na hela hairudi. Kapteni anakuja kutua kasi sana, inabidi mtu aseme zunguka tena. Huyu kijana atasema? Asubuhi ameamka ana homa, akikosa tripu anapoteza masaa aliyolipia. Atapiga simu kusema naumwa? Alikuwa hajalala kwa sababu anashea chumba na wenzake wanne mji wa ugenini, ataandika ripoti ya uchovu kwa mtu anayeshikilia hela yake? Mpwa wangu nilimuuliza hayo maswali tukiwa tumekaa barazani kwa dada, ni kijana mkweli, alinyamaza kidogo halafu akasema, "Mjomba, nadhani ningekaa kimya mpaka nimalize."

Hakuna mtu aliyenipa jibu la wazi zaidi ya hilo.

Najua mashirika yanasemaje. Mafunzo ni ghali, ukimfundisha mtu kesho anaenda kwa mwenzako. Ni kweli, wanahama. Lakini dawa yake inajulikana siku nyingi, ni bondi: shirika linakusomesha, unasaini kuwatumikia miaka kadhaa, ukiondoka mapema unalipa kilichobaki, na muda wote huo unapokea mshahara. Ethiopian wana chuo chao Addis Ababa na wale wanaowachukua wenyewe wanawafunga kwa mkataba wa namna hiyo, na angalia walipofika. British Airways mwaka 2023 walianzisha mpango wa kulipia kila kitu kwa vijana wanaowachagua, gharama ya hadi pauni 100,000 kwa kichwa. Hata ile ya kumtaka rubani aje na taipu retingi yake, Southwest ya Marekani ilifanya hivyo miaka mingi kwa 737, siipendi ila angalau ukiingia ulikuwa mfanyakazi wao, unalipwa. Kulipia shule na kulipia kazi ni vitu viwili.

Kitu ambacho ningependa mamlaka zetu za anga, TCAA hapa na KCAA kwa jirani, waweke kwenye kanuni ni kifupi: yeyote anayehesabika kwenye idadi ya marubani wanaotakiwa kisheria kwenye ndege ya abiria awe na mkataba wa ajira na mshahara, na shirika lisiruhusiwe kupokea hela kutoka kwake au kupitia wakala kwa ajili ya hicho kiti. Na zile Caravan, litafutwe fungu, hata kwa kupunguziwa ada za viwanja, ili mwenye ndege asipate hasara akimweka kijana pale mbele badala ya abiria. Vijana wenye leseni wasio na kazi wapo, Dar wapo, Nairobi pale uwanja wa ndege wa Wilson wapo, na mawakala wanawatafuta kila wiki.

Kama mwanao ameshapokea ofa ya namna hiyo, mwambie aombe majibu kwa maandishi kabla ya kutoa hata senti: mwajiri wangu ni nani kwa jina, ndege ikipata ajali bima inanihesabu kama mfanyakazi au mwanafunzi, wangapi waliomaliza mwaka jana wameajiriwa na ninyi wenyewe, na nikisema siwezi kuruka leo kwa sababu naumwa nani ananilipa hiyo saa. Sisi wakala wetu hakujibu hata moja, baada ya imeili ya pili akaacha kutuma zile ofa.

Dada yangu alilia siku tuliyokataa, alikuwa ameshaongea na mtu wa kununua gari lao. Mume wake mpaka leo anaona nimemchelewesha mtoto, na sikukuu tukikutana tunaongea mambo mengine. Wenzake wawili aliosoma nao walilipa. Mmoja amepata kazi kweli, simnyimi haki yake, mwingine amemaliza masaa na yuko nyumbani kwao anadaiwa. Mpwa wangu ameamua kusomea ukufunzi, awe mwalimu wa kuruka, masaa yatakuja polepole lakini kila saa atakayoandika kwenye kitabu chake atakuwa amelipwa. Kozi inaanza mwezi ujao. Na hiyo nayo tunailipia, tumechanga ndugu, ila hiyo ni shule, mwalimu anakaa pembeni yake na hakuna mtu amekata tiketi nyuma.